Mstari Mwekundu wa Bwana Dakika

Jina la Bwana Dakika alipewa na mafundi wa karakana ya kushona sare alikokuwa msimamizi, naye kwa miaka sita mizima aliamini ni sifa. Siku hizi akisimulia hujicheka kabla hajachekwa.

Yeye ndiye aliyeleta mstari mwekundu. Kila asubuhi, ikigonga saa mbili kamili, karani aliupiga kwa rula kwenye daftari la mahudhurio. Aliyechelewa aliandika jina chini yake, na aliyeandika chini mara tatu kwa mwezi alipoteza kazi. Nafasi ya kwanza, juu kabisa, iliachwa wazi kwa ajili ya bosi, aijaze akipata wasaa.

Asubuhi moja alisimama mbele ya kioo akijifunza hotuba ya kuwaasa wafanyakazi wawe waaminifu. Alijipenda mno, akarudia kipande cha mwisho mara nne.

"Baba watoto, utachelewa," mkewe alimwambia.

Akachelewa kweli. Alifika langoni anahema, sambamba na Mama Vifungo, fundi wa kushona vifungo, aliyekuja mbio kiatu kimoja mkononi. Mama Vifungo akaandika chini ya mstari: saa mbili na dakika kumi na mbili. Bwana Dakika akapokea kalamu ileile, akajaza nafasi yake: saa mbili kasorobo. Wala mkono haukusita. Ulishazoea.

Saa nne karani akamletea barua ya kumwachisha kazi Mama Vifungo, maana ilikuwa mara yake ya tatu. Ilibaki sahihi tu. Akamwita.

"Mama, leo umefika saa ngapi?"

"Mbili na dakika kumi na mbili, bosi. Si tumeingia pamoja?"

Bwana Dakika akakohoa kikohozi cha uongo. "Umeona nilichoandika?"

"Nimeona."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani, bosi? Malalamiko yote yanaletwa kwako."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Mtu mzima na miwani yake, kumbe hovyo tu.

Mchana aliwakusanya mafundi wote arobaini. Akaikata ile kasorobo mbele yao, akaandika jina lake upya chini ya la Mama Vifungo. Akatangaza kwamba mama abaki na kazi yake, kwani barua ile haiwezi kutiwa sahihi na mtu aliyechelewa sawasawa naye. Kisha akangoja makofi. Ndiyo, alingoja makofi!

Hayakuja. Fundi mkata vitambaa akainua mkono, taratibu, kwa heshima zote.

"Na siku zile nyingine, bosi?"

Bwana Dakika akalifungua daftari ukurasa wa kwanza wa mwaka, akaupitishia macho. Kisha akaomba kiti.