Nyundo ya Mwaka Mpya

Mume wangu aliporudi kutoka vitani Burma alinikuta nimeshazoea kuishi bila yeye. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu siku hizi watu wakisimulia habari za askari waliorudi, hupenda kusema kwamba wake zao walilia kwa furaha mpaka wakazimia. Mimi sikuzimia. Nilikuwa napalilia migomba juu ya nyumba, nikaona mwanamume mwenye kofia ya jeshi anapanda kilima, nikajiuliza huyu mtu wa kodi amepotea njia au vipi. Nilipomtambua nilikimbia, ni kweli, lakini nilikimbia kwenda kunawa miguu.

Tulikuwa tumeoana mwaka mmoja tu alipochukuliwa, na hatukuwa tumejaliwa mtoto. Alikaa jeshini miaka minne. Katika muda huo nilijifunza kuuza ndizi mjini Kisii bila kupunjwa, kulala peke yangu mvua ikipiga nyasi za paa, na kugombana na mama mkwe wangu bila yeyote kati yetu kuumia. Mama mkwe alikuwa mjane, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe wakasikia ng'ambo ya bonde. Tulipendana kwa kelele.

Aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka. Hakunipiga wala hakunitukana. Tatizo lake lilikuwa adabu. Nikimpelekea obokima, ugali wetu wa wimbi, alisimama kuupokea na kusema "Asante sana" kwa Kiswahili cha jeshini. Akitaka maji, aliomba kama mgeni niliyemkaribisha. Mchana alifanya kazi zote za shamba bila kusema neno, na jioni alikaa karibu na mlango akitazama nje. Mume mkali ningejua la kumfanyia, maana mdomo ninao. Huyu mpole alinishinda kabisa, na hasira zangu zilikosa pa kutua.

Baba yangu mzazi alikuja kututembelea wakati wa kuvuna wimbi. Alikula, akatazama. Nilipomsindikiza mpaka kijitoni ndipo alipofungua kinywa.

"Huyu kijana amerudi, lakini hajafika," alisema. "Sasa sikiliza, mwanangu. Ng'ombe wa mahari walionipa bado wako kwangu, na hakuna mtoto wa kunifunga mikono. Mimi nitakuja siku ya mwaka mpya. Ukiniambia twende, tutakwenda, na ng'ombe wao nitawarudisha mmoja mmoja."

Nilimjibu kwamba ni sawa, na sikuwa natania. Nilipenda ile nyumba, nilimpenda yule mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe, lakini sikuzaliwa ili nipikie mgeni maisha yangu yote. Kuanzia siku ile, kila nilipofagia niliangalia vyungu vyangu na kuchagua moyoni kipi ningebeba na kipi ningemwachia mama mkwe.

Mwezi wa kumi na mbili tulikuwa tunasafisha shamba kwa ajili ya kupanda wimbi. Katikati ya shamba palikuwa na kisiki kinene cha mti ulioangushwa zamani. Mume wangu alikipiga teke kwa bahati mbaya, akasimama, akakizunguka, akakigonga kwa mpini wa jembe na kukisikiliza kama mganga anavyosikiliza kifua. Kisha akatupa jembe na kwenda kuchukua shoka.

Alikikata kwa chini, akakivingirisha mpaka uani, akaanza kukichimba katikati. Siku hiyo hakushika jembe tena, wala siku iliyofuata. Wapita njia wakasimama. Mmoja akasema ni mzinga wa nyuki, mwingine akabisha kwamba ni hori la ng'ombe kulambia chumvi. Mama mkwe, ambaye hakujua lolote, aliwaambia wote kwa uhakika mkubwa kwamba mwanawe anatengeneza dawa ya mifugo aliyofundishwa na Wazungu. Nilipomuuliza mwenyewe alijibu, "Subiri kidogo." Lakini alipokwisha kujibu akapiga mluzi, na mimi sikuwa nimemsikia akipiga mluzi tangu arudi.

Kisha akachonga nyundo. Nyundo nzima ya mti, kichwa kama kigogo cha kukalia, na mpini mrefu wa kushikwa kwa mikono miwili. Hapo nilichoka kusubiri.

"Hiyo nayo ni ya kumpiga nani?" nilimuuliza.

Alicheka. Kisha akakaa juu ya kile kisiki chake na kunieleza, na maneno aliyosema mchana ule yalizidi yote aliyowahi kuniambia tangu arudi.

Vita vilipokwisha, wao walibaki Burma wakingoja meli za kuwarudisha nyumbani, na kwa muda walipewa kazi ya kulinda Wajapani waliokuwa wameweka silaha chini. Wajapani wale nao walikuwa wanangoja meli. Walikuwa wamekonda, wengine hawana viatu. Ulipofika mwaka mpya, wakaomba ruhusa ya kufanya sikukuu yao. Walikuwa wamechimba gogo likawa kinu, na badala ya mchi walitumia nyundo ya mti. Wakapika mchele mpaka ukalainika, wakaumwaga ndani ungali moto. Mmoja akainua nyundo na kupiga, mwingine amechuchumaa pembeni, na kila nyundo inapopanda yule wa pembeni anaingiza mkono na kuugeuza ule mchele, kisha anautoa mkono kabla nyundo haijashuka. Wengine wote walipiga kelele za kuwatia moyo.

"Wanaume watupu," alisema, "wanatwanga chakula kama wanawake, na hakuna aliyeona aibu. Huko kwao kila nyumba ilikuwa inafanya hivyo siku ile. Walitaka wafanye sawasawa na nyumbani, hata kama nyumbani hawajui kama wapo hai. Mzee mmoja wao alinipa tonge. Linanata, mama yangu! Limegandia meno ya juu na ya chini. Nilikuwa na bunduki mkononi, na siwezi kufungua mdomo. Wakacheka. Nikacheka na mimi. Nilikuwa nimesahau kwamba najua kucheka."

Akasugua kichwa cha nyundo kwa kiganja.

"Nataka tufanye hivyo hapa. Mwaka mpya."

"Na nani atakayegeuza?"

"Wewe."

Nilimwambia ana wazimu. Nilimwambia mikono yangu ndiyo inayolisha nyumba hii na sitaiweka chini ya gogo ili yeye akumbuke Burma. Nilisema mengi, na kwa sauti, mpaka mama mkwe akatoka jikoni kuja kusikiliza vizuri. Mume wangu alinitazama tu, bila kununa na bila kuomba radhi. Nilikasirika, na palepale nikagundua kwamba nimefurahi kumkasirikia. Ulikuwa ugomvi wetu wa kwanza tangu arudi.

Mchele haukuwa chakula cha kwetu siku zile. Ilibidi twende mjini kwa miguu, kupitia Kiogoro, yeye mbele na mimi nyuma kama ilivyo desturi. Ila baada ya kupita Kiogoro alipunguza mwendo, akapunguza tena, mpaka nikajikuta natembea ubavuni mwake.  

Mwenye duka alikuwa Muhindi mwenye miwani, ambaye nilishazoea kubishana naye bei ya chumvi. "Mchele gani nataka, mama?" aliniuliza. "Iko mzuri, iko ya kuvunjika."

"Ile nanata," mume wangu alimjibu. "Tunapiga na nyundo."

Muhindi akavua miwani. Ikabidi aelezwe habari yote, kinu, nyundo, Wajapani, na mkewe akatoka nyuma ya pazia naye asikie. Nilidhani watatucheka. Mwenye duka alitikisa kichwa taratibu.

"Hata mimi nafanya hivyo hivyo," alisema. "Sikukuu yetu ikifika, hapa Kisii nani najua? Lakini bibi yangu napika tamutamu, mimi naweka taa mlangoni, taa mingi. Mama yangu iko mbali, hawezi ona. Naweka tu. Nisipoweka, mimi takuwa mtu ya duka, basi."

Akatupimia mchele uliovunjika, akisema huo ndio unaonata zaidi, na juu yake akaongeza konzi moja ya sukari bila kuombwa. Njia nzima ya kurudi nilimfikiria yule mtu na taa zake. Nilikuwa nimempita miaka yote nikidhani hana jingine zaidi ya mizani.

Siku ya mwaka mpya watu walitoka kanisani wakaja moja kwa moja uani kwetu, maana habari ya dawa ya ng'ombe ilikuwa imeenea. Mama mkwe alikuwa amevaa kitambaa chake kizuri, na uso umemshuka. Alikuwa amekwishaelewa kwamba mwanawe, askari, atatwanga chakula mbele ya kijiji kizima. Aliniuliza kama siwezi kujifanya mgonjwa. Nikamwambia nimeshalifikiria hilo.

Tulimwaga mchele kinuni, mvuke ukapanda. Mume wangu akavua shati, akainua nyundo, akapiga. Mchele ukaruka pande zote kama kuku waliotishwa, na kuku wenyewe wakaja mbio kuuokota. Watu walivunjika mbavu. Akapiga tena, punje zikasambaa zaidi. Hakuna kilichonata isipokuwa punje zilizogandia paji la uso wake.

Mama mkwe alivumilia mapigo matatu au manne. Lakini yeye alikuwa mpishi kabla hajawa mtu wa kuona aibu. Akaingia jikoni na kutoka na chungu cha mihogo iliyochemshwa.

"Mchele wenu huu hauna akili!" alipiga kelele. "Ondokeni hapo!" Akaimwaga mihogo yote ndani, pamoja na sukari ya Muhindi, akamtazama mwanawe kwa ukali. "Haya, piga. Si umeamua kunitia aibu? Itie vizuri."

Akapiga, na safari hii nyundo ikaingia na kutoka kwa shida, ikivuta utando mweupe. Watu wakasema "Eee!" Kisha akaiinua juu ya kichwa, akaacha hapohapo, akanitazama.

Nilichuchumaa. Nikachovya mkono katika maji kama alivyonionyesha. 

"Ukipiga kabla sijautoa?" nilimnong'oneza.

"Sipigi mpaka wewe useme," alijibu. "Anayesema ni yule mwenye mkono ndani. Maneno yao nimesahau. Sema lolote."

Nikaingiza mkono. Kulikuwa na moto mle, na kulikuwa na uzito, na nilijua kile kigogo kiko juu ya kichwa changu. Nikageuza, nikautoa haraka kuliko mwizi, nikapiga kelele kwa lugha yetu, "Aka!" yaani piga. Akapiga. Nikaingiza, nikageuza, nikatoa. "Aka!" Mara ya kwanza nilifumba macho. Baadaye niliyafumbua, na baadaye tena nilisahau kuogopa, maana kila nilipochelewa alichelewa, na nilipoharakisha aliharakisha. Watu wakaanza kuita pamoja nami. Jasho lilimtiririka, na alikuwa anacheka, meno yote nje, yule mume niliyeozwa. Mimi pia nilicheka, mpaka machozi yakanitoka.

Hapo ndipo baba yangu alipotokea. Alipita katikati ya watu na bakora yake, amevaa koti la safari, akasimama mbele ya kinu. Kelele zikafa. Mkono wangu ulikuwa ndani, na nyundo ilikuwa juu.

"Mwanangu," alisema, "nimekuja kama tulivyopatana. Tunakwenda, au unabaki?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mama mkwe alikosa sauti. Alinitazama, akamtazama mwanawe, akashika kitambaa chake kwa mikono miwili.

Kwa heshima zetu, baba mkwe anapofika mwanamume huacha kila kitu, akavaa shati lake, akaenda kumsalimu ameinamisha macho. Mume wangu hakwenda. Alikuwa amesikia lile swali na amelielewa lote, niliona usoni mwake. Hakuishusha nyundo pembeni na hakupiga. Macho yake yalikuwa kwangu, na uzito wa nyundo ulikuwa umeanza kumlemea.

"Mbona huyu amesimama na gogo hewani?" baba aliuliza.

"Hapigi mpaka mimi niseme," nilimjibu.

Baba akalitafakari hilo. Nami sikuwa na haraka. Niligeuza lile donge taratibu, upande mmoja na wa pili, nikautoa mkono wangu mzima mzima, nikasema, "Aka!"

Akapiga. Baba akatutazama tukiendelea, pigo baada ya pigo. Kisha akaegemeza bakora ukutani, akavua koti, akauliza zamu yake ni lini.