Nzuri Ishirini na Moja

Mwanangu, barua yako imenifikia na nimeisoma mara mbili. Unasema mashine yenu ya kukamua alizeti mmeijaribu chuoni ikafaulu, kisha mkapeleka dodoso kwa kina mama wa vijijini, na karibu wote wamejibu kwamba wameridhika. Nimefurahi, usidhani sikufurahi. Lakini nilipofika kwenye hilo neno "wameridhika" ilinirudia siku moja ya ujana wangu, na chai ikanipolea mkononi. Acha nikusimulie kabla hamjatengeneza mashine ya pili.

Ulikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa, watu wameacha makazi yao ya mbalimbali wakaja kukaa pamoja. Mimi, Mnyiramba wa Shelui, nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, nina suruali moja nzuri na maneno mengi. Nikapangiwa kijiji kipya cha Wanyaturu, si mbali na Mkiwa, niwasaidie mambo ya maji. Kisima kilikuwa kimeshachimbwa, kirefu kweli, na kina mama walivuta debe kwa kamba mpaka viganja vinachubuka. Wengi waliona afadhali waende kufukua mchanga korongoni, kwenda na kurudi asubuhi nzima.

Nikabuni gogo la kuzungusha. Ni kitu rahisi: gogo linalazwa juu ya kisima kwenye nguzo mbili, pembeni lina mpini wa chuma, ukizungusha mpini, kamba inajikunja kwenye gogo na debe linapanda. Watu wakaliita mashine, nami sikuwakataza. Kwanza nilitengeneza mfano mdogo wa kukaa mezani, kwa uzi na kopo la maziwa. Kwenye mkutano wa kijiji niliuzungusha kwa kidole kimoja, kopo likapanda, watu wakapiga makofi. Mwenyekiti wa kijiji naye akaomba azungushe, akacheka kama mtoto aliyepewa pipi. Hakuna aliyeuliza, wala mimi sikujiuliza, kama kopo na debe la maji vina uzito mmoja.

Ile mashine kubwa ilipokuwa tayari, niliijaribu. Hapo sikuwa mvivu, maana tulifundishwa kwamba kitu hakikabidhiwi bila majaribio. Nilivuta debe mara mia moja, kila mara nikapiga mstari kwenye daftari, na kila mara debe lilipanda salama. Mara mia, mwanangu! Ila zote zilivutwa na mikono hii yangu, mikono ya kijana aliyeshiba, aliyelala vizuri, asiye na mtoto mgongoni.

Wiki moja baadaye nikataka maoni ya watumiaji. Nilisimama kisimani na daftari, mwenyekiti kando yangu, na kila mama aliyekuja nilimwamkia kwa adabu, kisha nikasema, "Mama, habari za mashine?" Naye akajibu, "Nzuri." Wakishapita walisemezana Kinyaturu huku wanautazama mpini, nami kwa kuwa lugha yao nilikuwa sijaijua, nikadhani wananisifu. Nikajumlisha: nzuri ishirini na moja, mbaya hakuna. Nikaandika ripoti nikaipeleka mwenyewe Singida mjini, juu ya lori, kifua mbele.

Ripoti ikiwa bado mezani kwa mkubwa wangu, Mama Salome akavunjika mkono.

Mama Salome ndiye aliyenipikia tangu siku ya kwanza nilipofika pale, mgeni nisiye na ndugu. Siku hiyo alikuwa anavuta maji, mwanawe mdogo yuko mgongoni. Debe lilipofika katikati mtoto aliteleza kwenye kanga, na mama akafanya ambacho mama yeyote angefanya: alitoa mkono mmoja kwenye mpini amdake mtoto. Mkono uliobaki haukulimudi debe. Debe likaporomoka, mpini ukazunguka kinyumenyume kwa kasi na kumpiga chini ya kiwiko. Mtoto alipona. Mfupa ulivunjika.

Katika mara zangu mia mimi sikuachia mpini hata mara moja. Niachie kwa sababu gani?

Kesho yake hapakuwa na mtu kisimani. Kina mama wote walikuwa wamerudi korongoni kufukua mchanga, na gogo langu limekaa pale kama kitu cha maonyesho.

Mama Salome aliporudishwa kutoka zahanati nilikwenda kumwona nyumbani kwake, mkono umefungwa kwa vipande vya mbao. Sikujua nianzie wapi. Nikasema, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, fundi." Nikaendelea tu, kama mtu aliyepotewa na akili, "Habari za mkono?"

"Nzuri," akasema.

Nilimtazama. Mkono umevimba, jasho la maumivu linamtoka usoni, naye ananiambia nzuri. Machozi yalinitoka, kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekiandika kwenye daftari. Sisi tukiulizwa habari tunajibu nzuri, hata kama ndani kuna msiba. Maelezo yanakuja baadaye, kwa yule anayekaa kuyasikiliza. Mimi nilikuwa nimekusanya salamu ishirini na moja nikaziita utafiti.

"Mama, mlijua kwamba mpini unarudi nyuma?"

"Tulijua toka siku ya pili. Mama Hamisi ulishamgonga bega."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

Alimweka mtoto vizuri pajani kwa mkono wake mzima. "Uliuliza habari, tukakujibu. Umekuja na daftari, mwenyekiti amesimama hapo, tena wewe mwenyewe umehangaika kwa ajili yetu mpaka mikono imekutoka malengelenge. Nani akuaibishe? Tukasema, akikaa na sisi atajionea. Hukukaa, fundi. Ulipanda lori."

Hakusema kwa hasira, na mimi nikaona afadhali angenitukana. Nikainama pale nikimwomba radhi mpaka akanikatisha. "Basi. Usije ukatukimbia tu. Tengeneza upya, halafu niite mimi. Mwenyekiti mwache apumzike."

Nilikwenda Mkiwa kwa mafundi wa malori, wakanipa gurudumu bovu la meno. Nikalifunga kwenye gogo, na juu yake nikaning'iniza ulimi wa chuma: gogo likienda mbele, ulimi unarukaruka juu ya meno; likitaka kurudi, ulimi unalikamata. Nguzo nilizipunguza, mpini ufike kiunoni mwa mama badala ya kifuani mwangu.

Mama Salome alikuja, mkono wake umebebwa na kitambaa shingoni. Alizungusha kwa ule mkono mmoja, polepole, na debe lilipofika katikati akaniangalia, akaachia kwa makusudi. Kina mama waliruka nyuma. Ulimi ukalia ta! Gogo likasimama, debe likabaki linaning'inia linadondosha maji. Akavuta tena, akaachia tena. Alijitahidi kuishinda mashine yangu mpaka akachoka.

Nikafungua daftari, lakini safari hii sikuuliza habari. Niliuliza, "Kipi kinawaudhi?" Wewe! Walisema wote kwa pamoja, mmoja akinifasiria Kinyaturu. Mpini unaunguza jua likiwaka. Nguzo imesogelea mno mdomo wa kisima. Mwenye mimba hapati pa kusimama. Zilijaa kurasa nne, na ndiyo ripoti ninayojivunia mpaka leo, ingawa haina sifa hata moja.

Kina mama walirudi kisimani. Mkono wa Mama Salome uliunga ukiwa umepinda, hakuweza tena kushika mchi sawasawa, na muda wote niliokaa pale kila tonge la ugali wake lilinikumbusha. Ndiyo maana nakuandikia, mwanangu, kwa kuwa bado hamjamuumiza mtu.

Majaribio yenu ya chuoni ni mazuri, yatawaambia kama kitu kinazunguka. Hayatawaambia uchovu wa mtu. Kwa hiyo ipelekeni mashine kwa mama mmoja aliyetoka shamba, mwenye mtoto mgongoni, mkae naye siku nzima, na mjaribu nyie wenyewe kuiharibu kabla haijamharibu yeye. Yale makaratasi ya "wameridhika" usiyatupe, ila usiyalalie. Kaulize upya, bila mkubwa kusimama kando, na uulize swali ambalo salamu haiwezi kulijibu. Utakayoyasikia yatakuuma kidogo, uyaandike hivyohivyo.

Mungu aibariki mikono yako, akupe watu watakaokuambia ukweli mapema, na akupe moyo wa kukaa nao mpaka waseme. Ukija likizo utaniamkia, utaniuliza habari, nami nitakujibu nzuri kama kawaida. Usiondoke. Vuta kigoda, kisha uniulize kuhusu hili goti langu.