Kapu Moja la Binti Mkasi

Pale kiwandani, ukimwita "Binti Mkasi" alikuwa anageuka kama mtu aliyekanyagwa. Baba yake, Mzee Mkasi, alikuwa akikata vitambaa katika ukumbi wa chini tangu enzi ambazo paa lilikuwa linavuja, na jina hilo alipewa kwa heshima, kwa sababu alikuwa na mkasi wake mzito ambao hakumwazima mtu. Binti alikaa ghorofani pamoja nasi, akiandika programu za kompyuta. Alitaka aitwe kwa kazi yake. Nilimwambia mara nyingi kwamba jina la baba halimshushi mtu hadhi, akanijibu kuwa nina mdomo. Kweli ninao, ndiyo maana nasimulia mimi.

Kazi aliijua, hilo sitamnyima. Katika lugha aliyoiandikia kuna kitu kinaitwa seti, yeye akakiita kapu, na alikipenda kuliko mambo mengine yote ya kompyuta. Nilipoajiriwa nikawekwa meza moja naye, somo lake la kwanza lilikuwa hilo.

"Unaiambia mashine itengeneze kapu tupu," alisema. "Halafu unatia majina, moja moja. Ukitia la mtu ambaye tayari yumo, kapu linakunyamazia tu. Halimweki mara mbili."

Kapu lake halikujali nani katangulia na nani kafuata. Kila jina lilisagwa kwanza likawa namba, na namba hiyo ndiyo iliyosema jina likae chumba kipi ndani ya kapu. Kwa hiyo ukiuliza kama fulani yumo, unajibiwa papo hapo bila kapu zima kupekuliwa. Wala halikuwa kapu la kushonwa mdomo. Saa yoyote unaongeza, saa yoyote unatoa. Hilo la mwisho alilisema kwa majivuno, kama vile alilisuka mwenyewe.

Basi kiwanda kikanunua mashine mpya ya kukatia. Uongozi ukaamua kwamba wafanyakazi wengi waitwe kwenye mafunzo ya mashine hiyo, na wachache ambao mikataba yao ilikuwa inafika ukingoni waagwe. Meneja akamkabidhi Binti Mkasi kazi ya kuwatumia wote ujumbe kwa simu. Majina yalitoka idara mbalimbali na mengi yalijirudia, maana watu walikuwa wanahamahama zamu. Ilikuwa kazi ya kapu hasa. Ilikuwa kazi ya makapu mawili, moja la mafunzo na moja la kuagwa.

Aliunda kapu tupu la mafunzo, vizuri kabisa. Mstari uliofuata ndio uliommaliza. Badala ya kuiambia mashine itengeneze kapu jingine tupu, aliandika kwamba kapu la kuagwa ni sawa na kapu la mafunzo. Alidhani amenakili. Mashine haikunakili kitu, ilibandika tu jina la pili kwenye kapu lile lile. Akajaribu: la kwanza ni tupu? Ndiyo. La pili je? Ndiyo. Akaridhika, akaanza kumimina majina. Kila aliyetiwa huku akaonekana na kule, kwa kuwa huku na kule palikuwa mahali pamoja. Alipomaliza, skrini ikaonyesha idadi ya watu katika kila kapu.

"Mbona zinalingana?" nilimuuliza.

"Zimetokea tu kulingana. Kunywa chai yako kabla haijapoa."

Alikuwa anawahi kikao, na alikuwa ameshamwahidi meneja kwamba ujumbe utatoka kabla ya jioni. Akabofya, akachukua mkoba, akaondoka. Nami nikanywa chai yangu.

Asubuhi yake geti lilijaa watu ambao hakuna aliyekuwa tayari kuingia. Kila mmoja alikuwa amepokea jumbe mbili. Wa kwanza ulisema amechaguliwa kwenda mafunzo ya mashine mpya. Wa pili, uliofuata muda mfupi tu, ulimshukuru kwa utumishi wake na kumjulisha kwamba mkataba wake hautaendelea. Wengine walikuwa wakali, wengine walikuwa wanacheka. Fundi mmoja wa cherehani aliuliza kama anafundishwa namna ya kufukuzwa.

Binti Mkasi alifungua programu yake kabla hata hajaketi. Nilimwona akiufikia mstari ule. Uso ulimshuka, akaweka kiganja mdomoni, kisha akaurekebisha mstari haraka haraka, kama mtu anayefuta tope kiatuni kabla ya wageni kuingia. Meneja akaingia wakati huo huo.

"Nini kimetokea?"

"Ni kampuni ya simu," alisema. "Wamechanganya ujumbe."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Meneja alifurahi kupata mtu wa kumfokea ambaye yuko mbali. Akamwagiza karani aandae barua kali ya malalamiko kwa kampuni hiyo. Mimi, pamoja na huu mdomo wangu, nilitazama kikombe changu. Nilijua, na yeye alijua kwamba najua, na hatukutazamana asubuhi nzima.

Masahihisho yakatumwa, safari hii kila mtu na wake. Chini ukumbini watu wakaanza kutaniana, "Wewe hujafukuzwa bado? Una bahati." Lakini walikuwapo wale wachache ambao kwao ujumbe wa uongo ulikuwa ule wa mafunzo. Mama wa vifungo, aliyeshona vifungo vya mashati hadi vidole vikapinda, alikuja amevaa viatu vyake vya kutokea, ameuamini ule wa kwanza. Aliketi kwenye chumba cha mafunzo, mstari wa mbele, mpaka alipokwenda mtu kumwinamia sikioni. Binti Mkasi alimwona kupitia kioo cha ngazi akitoka, anatembea polepole ili viatu visilie. Akarudi mezani akaniambia anaumwa tumbo.

Mchana ndipo alipokumbuka kwamba hajamsikia baba yake. Alimpigia, simu ikawa imezimwa. Akashuka ukumbini, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara, kwa sababu huko jina lake ni lile lile moja. Meza ya Mzee Mkasi ilikuwa imefutwa, haina hata uzi. Mtunza stoo akamwonyesha rafuni aproni iliyokunjwa vizuri, na juu yake ule mkasi.

"Kavileta asubuhi sana, hata taa sijawasha," mtunza stoo alisema. "Kasema amemaliza. Halafu kaniomba nimfungulie geti la nyuma."

"Geti la takataka? Kwa nini?"

"Kasema huku mbele wanapita wenzako wa ghorofani. Hataki wamwone anatoka na mfuko, wakaanza kusema binti wa fulani baba yake kafukuzwa." Mtunza stoo akajikuna shingo. "Kasema hilo jina lenyewe hulipendi, asikuongezee."

Haya yaliyofuata sikuyaona, alinisimulia mwenyewe baadaye, na alinisimulia akiwa amenipa mgongo.

Alifika kwa wazazi wake jua bado lipo. Mama yake alimpokea mlangoni kwa kunong'ona kwamba baba amepewa likizo ya ghafla, na kwamba tangu arudi hajagusa chakula. Mzee alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda, anakata shati lake kuukuu vipande vya kufutia meza. Alitumia mkasi mdogo wa jikoni na vidole havikuenea kwenye vitanzi vyake.

"Baba, shikamoo. Mbona umezima simu?"

"Marahaba, mwanangu. Inamaliza chaji bure."

"Uliuona ujumbe?"

"Niliuona wote. Wa kwanza walinichagua kwenda mafunzo. Nikajisemea, kumbe bado wananiona nafaa. Nikasimama nimwite mama yako nimsomee, ukaingia wa pili." Akakunja kipande cha shati juu ya goti. "Nikaelewa. Wamefikiria tena."

"Baba—"

"Ngoja nimalize. Wako sahihi. Juzi nilikata mikono ya mashati ikazidi kipimo. Macho haya. Nikalificha lile fungu chini ya majora, nikitegemea nitalirekebisha. Mtu ameliona, basi. Usiende kuniombea kwa meneja, usijishushe kwa sababu yangu."

Alikuwa anamwomba radhi. Binti aliniambia kwamba hapo alitamani ardhi ipasuke immeze. Baba amebeba kosa lisilokuwa lake usiku kucha, amelitafutia sababu, ameipata, na sasa anampa pole yeye aliyelifanya.

"Baba, hakuna aliyefikiria tena," alisema. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyetuma, na mimi ndiye niliyekosea. Hujafukuzwa. Uko kwenye mafunzo."

Akamweleza habari ya makapu. Alimweleza vibaya, kwa maneno ya kukatikakatika, lakini mzee alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja kama alivyosikiliza wateja wa zamani.

"Kwa hiyo ulidhani una vitambaa viwili," mzee alisema mwishowe, "kumbe ni kimoja kimekunjwa."

"Ndiyo, baba."

"Inatokea." Akauweka chini ule mkasi wa jikoni. Halafu akauliza, "Na wakubwa wako umeshawaambia?"

Angeweza kusema hapana. Mwenyewe anasema neno hilo lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini mzee alikuwa ameanza kumtazama kwa namna ambayo hakuwa amemtazama tangu alipomaliza chuo, binti akamwona anavyonyooka mgongo, akaona vigumu kumrudisha chini mara ya pili kwa siku moja.

"Nimeshawaambia," alisema.

Mzee Mkasi aliita mkewe, akaomba chakula.

Kesho yake alipanda ghorofani. Katika miaka yote ile hakuwahi kupanda. Alikuwa amenyoa ndevu, amevaa shati jeupe alilolikata mwenyewe, na alisimama mlangoni mpaka meneja akamwambia aingie. Binti Mkasi alipomwona alisimama nusu, akabaki hivyo hivyo, ameshika ukingo wa meza.

"Meneja, sitakupotezea muda," mzee alisema. "Nimekuja kukushukuru. Huyu ni binti yangu." Alisema kwa sauti ya ukumbini, ile ya kushinda cherehani. "Jana alikuja nyumbani akaniambia kosa la ujumbe ni lake, na kwamba ameshakueleza nawe umelipokea. Wengi wangesingizia wengine. Mimi mwenyewe nina fungu la mikono nililolificha chini ya majora, nimekuja kukuonyesha, maana nimeona haya. Mtoto ananipita mimi baba yake kwa ukweli."

Karani aliacha kupiga chapa. Barua ya kampuni ya simu ilikuwa mkononi mwa meneja, ikisubiri sahihi. Meneja akaitazama barua, akamtazama Binti Mkasi, akaiweka mezani taratibu. Mzee bado alikuwa anatabasamu, akitugeukia mmoja mmoja, akitafuta wa kuitikia. Alipofika kwangu niliangalia chini. Nadhani ni mimi niliyemfanya ashtuke.

"Baba," Binti Mkasi alisema. "Sikuwaambia."

Alilisema mbele yetu sote. "Nilisema ni kampuni ya simu. Nawe nikakudanganya jana. Nawaambia sasa."

Tabasamu la mzee halikuondoka mara moja. Lilikaa pale usoni muda kidogo bila kazi. Kisha akamgeukia meneja, akakutanisha mikono mbele yake.

"Basi nisamehe mimi, meneja. Nimeingilia mambo nisiyoyajua."

Akatoka, akishuka ngazi kwa kushika ukuta. Meneja aliichana barua ile. Hakufoka, na afadhali angefoka. Alimwambia Binti Mkasi aandike ujumbe mwingine kwa watu wote, aeleze kosa ni la nani, na safari hii aweke jina lake chini. Kisha aende mwenyewe nyumbani kwa mama wa vifungo, kwa miguu yake.

Aliandika palepale. Alipofika mahali pa jina, vidole vilisita juu ya kibodi. Sikuchungulia, lakini simu yangu ililia, maana nami nilikuwa kapuni. Chini ya ujumbe ule palikuwa na maneno "Binti Mkasi".

Halafu akashuka kwa baba yake, nami nikasimama kwenye kioo cha ngazi kuwatazama. Ukumbi mzima ulikuwa umeshika simu, unasoma. Mzee alikuwa ameshauchukua mkasi wake stoo, anatandika kitambaa mezani, tabaka juu ya tabaka. Binti alisimama upande wa pili wa meza, kichwa chini, akisema maneno ambayo kutoka juu sikuyasikia. Mzee alinyoosha kitambaa mpaka mwisho, akamsukumia ukingo.

"Shika huko," alisema, kwa sauti ile ile ya ukumbini. "Hesabu tabaka kabla sijakata."

Wakataji wote waligeuka. Binti Mkasi akaanza kuinua tabaka moja moja kwa kidole, akihesabu kwa sauti mbele ya watu wote wa chini, na katikati sauti ikamkatikia.

Mzee alisubiri, mkasi umefunguka mkononi.

"Rudia," alisema. "Anza mwanzo."