Prof Prosper, ziwa halijakurudisha

Niambieni ni uongo, nitawashukuru. Prosper, prof wetu wa fizikia shuleni hapa Kalemie, alipanda boti kwenda Moba kusalimia wajomba zake. Dhoruba ikawakuta njiani. Wengine waliogelea wakapona, wengine mawimbi yaliwaleta ufukweni maiti. Yeye hapana.

Wee Prosper! Hata kiatu kimoja hakikurudi?

Mimi nafundisha Kifaransa. Tulikaa meza moja kwenye chumba cha walimu, akinichokoza kila asubuhi: "Papa Sylvain, maneno yako mengi, lakini hakuna hata moja linapita ndani ya mulima."

Neno lake lilikuwa neutrino. Bana, huyu muntu alilipenda kuliko chakula.

Siku moja nikamuuliza, sasa hiyo njo nini? Akaacha mukate wake. "Sikia. Wataalamu walipima nguvu inayotoka ndani ya atomu, wakakuta inapungua kuliko hesabu. Mmoja akasema, kuna kitu kimetoka nayo, ila hatukioni. Hakuna aliyekuwa amekiona. Alijua kwa sababu ya lile pengo tu."

Na jina? Akacheka. "Kwanza alikiita neutron, kwa sababu hakina chaji, si chanya si hasi. Halafu jina likachukuliwa na kingine, kizito. Njo Waitaliano wakabandika -ino, kama sisi tunavyosema katoto, kanyumba. Neutrino: kadogo kasiko na upande."

Wanafunzi wakaanza kumuita Papa Neutrino. Hata mama wauza ndagala, dagaa wetu, sokoni. Alifurahi kama amepewa uchifu!

Alisema vinapita ndani yetu saa zote, ndani ya milima, ndani ya ziwa, bila kugusa kitu. Kuvinasa kunataka maji mengi, marefu, yenye giza. "Ziwa letu lingefaa sana," akaonyesha kwa kidole dirishani.

Dirisha lile siwezi kulitazama tena. Nimegeuza kiti, naangalia ukuta.

Watu wananiambia, "Papa Sylvain, vumilia, ataonekana. Wale wataalamu si walingoja miaka, wakakanasa?" Ataonekana wapi? Wavuvi wametafuta mpaka wamechoka. Mimi nimechoka hata kuomba. Naingia darasani, nafundisha vitenzi, natoka, sikumbuki nilichosema.

Kwetu matanga hayaishi kama maiti hajaonekana. Mama Odette, mama mzazi wa Prosper, bado yuko chini kwenye mkeka. Hali chakula, haogi vizuri. Wageni hawajui waondoke ama wabaki.

Jana wazee wa familia wakasema tukate mgomba, tuuvike nguo zake, tuuzike badala yake, mama apate kuinuka.

Nilipiga kelele mbele ya wote. Prosper si ndizi! Mutamuzikaje muntu ambaye hamujamuona?

Mama Odette akanishika mkono. "Mwanangu, nimechoka kumungoja. Kila mbwa akibweka naangalia mlango. Niachie nimulie."

Nililia pale pale, mzee mzima, na wanafunzi wangu wakiniona.

Basi ndugu yangu Prosper, kesho tunazika mgomba ndani ya shati lako la bluu la darasani. Wameniomba nishike upande wa kichwa. Nitaushika.

Kwaheri Prosper. Ulale salama popote maji yalipokuweka. Kaburi litakuwa na jina lako, wewe hutakuwamo, na mimi nitalifukia kwa mikono yangu ili mama yako aoge, ale.