Nilivyomkaba Mzee Kumi: Mkenya kwenye timu ya chuo Dodoma

Wakuu, salaam kwenu wote.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu muda mrefu, leo acha na mimi niseme. Haya yamenitokea mwenyewe, chumvi sijaongeza. Labda kidogo tu kwenye kitambi cha mzee, mtaona.

Mimi ni Mkenya wa Kakamega, nasoma chuo kimoja hapa Dodoma. First year nilikuwa mpweke balaa. Nikifungua mdomo darasani watu wanacheka kabla sijamaliza.

"Mkenya bwana, unaomba daftari kama unamkamata mtu!"

Nikaona dawa ni mpira. Nikiingia timu ya chuo nitapata watu wangu.

Mazoezi tulifanyia uwanja wa vumbi kule Kikuyu, mtaa wa hapahapa Dodoma, siyo ile ya kwetu Kenya. Upepo wa Dodoma mnaujua, unapiga krosi mpira unarudi wenyewe. Mimi ni beki wa kati. Wiki tatu nasugua benchi tu.

Mwishowe kocha akaniambia, "Jumamosi tuna mechi ya kirafiki na veterani. Nakuanzisha nikuone. Ukizingua, usirudi tena."

Veterani wenyewe ni watumishi wa ofisi moja ya serikali, jina naliweka mfukoni. Straika wao tumwite Mzee Kumi, kwa sababu ya namba ya jezi yake. Anakaribia sitini, na kitambi chake kinafika golini kabla yake.

Sasa, huyu mzee ndiye aliyetuahidi basi la kutupeleka Iringa kwenye mashindano ya vyuo. Timu nzima inajua. Mimi sijui.

Kabla ya mechi wenzangu wakajipanga kumwamkia. Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Mimi nikampa mkono, "Mambo, mzee!" Kapteni wetu Yohana akanifinya ubavu.

Mpira ukaanza. Wakuu, nilichokiona sikukielewa kabisa.

Mzee Kumi akipata mpira, mabeki wetu wanampisha kama amebeba trei ya chai. Kipa anarukia upande ambao mpira haupo. Dakika ishirini, goli mbili! Mzee anashangilia, veterani wanapiga makofi, na vijana wetu nao wanapiga makofi!

Nikasema moyoni, kumbe hawa ni wabovu hivi? Namba nimeshapata.

Akaja mara ya tatu. Nikapiga slaidi, mpira nikauchukua safi kabisa. Mzee akaenda juu, akashuka kwenye vumbi, puu!

Refa filimbi iko mdomoni, hapulizi. Yohana akanijia mbio, macho yamemtoka.

"We Mkenya una wazimu? Huyo ndiye basi letu la Iringa! Umetumaliza!"

Hapo ndipo nikaelewa kila kitu. Safari imekwenda na maji, na mimi narudi kula peke yangu kantini. Nikainama pale.

"Shikamoo mzee. Pole sana. Nisamehe."

Mzee alikaa palepale chini anajipangusa. Akaniangalia mimi, akamwangalia Yohana.

"Kapteni, huwa mnaniachia?"

Yohana akaangalia viatu vyake. "Hapana mzee, wewe bado uko fiti..."

"Miaka yote miwili niliyocheza na nyie?"

Nawaambia ukweli, niliumia kuliko yeye aliyeanguka. Mzee wa watu alinywea.

Akasimama. Nikajua huyo anaenda kwenye gari lake. Akavuta soksi juu.

"Basi mtapata, nilishaahidi. Ila huyu Mkenya asitolewe. Na wewe kijana, ole wako uniachie."

Kipindi cha pili nikamkaba mpaka akaanza kunisema kwa Kigogo. Kila mpira namnyang'anya. Goti limemchubuka, anahema, sub anakataa.

Dakika za mwisho akapata mpira pembeni ya boksi. Nikamwendea. Akajifanya anapiga, nikatanua miguu... tobo! Naapa sikumwachia, wakuu. Nageuka, tayari ameshaachia shuti. Mpira ukagonga mwamba ukatoka nje.

Hakufunga. Lakini alivyoshangilia! Alizunguka uwanja mzima, jezi kavua, kitambi nje, anapiga kelele, "Hilo tobo langu! Hilo langu mwenyewe!"

Nikajikuta namkimbilia kumkumbatia, na tobo nimepigwa mimi.

Iringa tulienda, na namba nne ilikuwa mgongoni kwangu. Tulitolewa mapema, tuyaache hayo.

Nilichojifunza: mzee mwamkie kwa adabu zote, ila mpira mnyang'anye. Naye ana haki ya kujua anaweza nini.

Haya, watumishi mnaocheza bonanza, tiririkeni hapa chini: bosi wenu mnamkaba kweli? Na nyie mabosi mnaofunga kila Jumamosi, mna uhakika?