Nne Nne za Siu-khim

Simu ya Siu-khim iligoma kupiga muziki kwenye redio ya gari, na jioni hiyo alitakiwa kupanda jukwaani mjini Tainan ilhali wimbo wenyewe bado haujamkaa kichwani. Akafuta muunganisho wa zamani, akaanza upya. Redio ikadai namba ya siri: 4444.

Mumewe, Bun-hiong, akaruka kitini, akamkemea mkewe. "Mama Guat, usiandike! Kwa lugha yetu kutamka nne ni sawa na kutaja kifo, na hapo ziko nne!"

"Basi shuka, nife peke yangu."

"Utaimba bila kufanya mazoezi, kwani kuna ubaya gani?"

"Nichekwe na ukumbi mzima? Thubutu!"

Akabonyeza nne hizo moja moja, akizitamka kwa sauti. Ngoma zikalipuka garini. Siu-khim akaimba kuzishinda spika. Bun-hiong akafunga mkanda.