Heri Utwae Bure

Mama yangu alikuwa fundi wa bei. Wanawake wa mtaani kwetu Amu, yaani Lamu, walikuwa wakimwita afuatane nao hata wakienda kununua sufuria iliyokwisha tiwa viraka, na yeye akijitupia buibui lake kwa furaha kama anayekwenda harusini. Baba alikuwa kinyume chake kabisa. Baba akiambiwa kitu ni shilingi tatu, hutoa tatu, kisha husema ahsante. Mama alimkataza kununua chochote isipokuwa tumbaku yake mwenyewe, na hata hiyo tumbaku alimuuliza bei akirudi.

Nisikilizeni, maana vijana wa leo wanaingia dukani, wanasoma karatasi iliyobandikwa, wanalipa kama mabubu. Sisi kununua kitu kilichotumika kulikuwa na adabu zake. Kwanza hukuuliza kile ulichokijia. Ukitaka kitanda, ulijulia hali, ukauliza watoto, ukaulizia mtungi, mtungi ukaukataa, na ukishasimama kwenda zako ndipo unapokiona kitanda kwa bahati. "Ala! Na hiki nacho mwakiuza?" Ukitaka kukitia ila, ulitia ila ya uzee, usithubutu kutaja uchafu, maana hapo umemtukana mwenye nyumba. Kisha ulitaja bei ndogo, ndogo hata wewe mwenyewe ukaona haya kidogo. Muuzaji naye akiapa, akimlilia marehemu bibi yake, akikuuliza kama umekuja kununua au umekuja kumzika. Kahawa ikinywewa, bei ikipanda na kushuka, mpaka muuzaji arushe mikono juu na kusema, "Kwa bei hiyo, heri utwae bure!"

Kisa changu chote kimo ndani ya maneno hayo, basi niyafafanue. "Heri utwae bure" maana yake si utwae bure. Maana yake ni kwamba nimechoka, niko karibu kushuka, ongeza kidogo tumalize. Mnunuzi mwenye adabu hujibu, "Astaghfirullah, mali ya watu hayatwaliwi bure," halafu huongeza kidogo. Hapo biashara imekwisha na kila mtu ameshinda. Hakuna mtu wa Amu aliyehitaji kufundishwa hilo.

Mimi wakati huo nilikuwa msichana niliyekwisha kuhitimu Kurani, na moyo wangu wote ulikuwa kwenye kitu kimoja tu: cherehani. Nilijifunza kushona kwa cherehani ya jirani, na mikono yangu ilikuwa myepesi. Nasema mwenyewe kwa sababu waliokuwa wakinisifu wamekwisha kufa. Kisha jirani akaozesha binti yake huko Faza, cherehani ikapakiwa pamoja na bibi harusi, nami nikabaki na sindano ya mkono. Nikalia. Nikisema nililia sisemi machozi mawili matatu, nasema nilikuwa kero ya nyumba nzima. Mama akachoka na kelele zangu, akatoa uamuzi: kinanda cha santuri cha Baba kiuzwe, cherehani inunuliwe.

Kinanda kile Baba alikuwa nacho tangu ujana wake, chenye pembe kubwa ya bati na mkono wa kuzungushia. Hakubisha. Alikipangusa vumbi, akapiga santuri moja mpaka mwisho, akakifunika kwa kanga. Nilimwonea huruma, lakini si sana, maana nilikuwa nikiota nyuzi.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, serikali ikituletea walimu na makarani kutoka bara. Mwalimu mmoja kijana, mrefu, mwenye viatu vilivyokuwa vikilia kwenye vichochoro vyetu, alisikia habari za kinanda akaja. Baba akamkaribisha tekani, pale mlangoni panapopokelewa wanaume. Mama na mimi tukakaa nyuma ya pazia. Mwanamume mgeni hakuwa akiwaona wanawake wa nyumba, na Mama naye hakuwa mtu wa kuacha bei mikononi mwa Baba. Basi akiapa yeye nyuma ya pazia, na Baba akikaa mbele kama picha.

"Mimi nimekuja kununua kinanda," akasema Mwalimu. "Ni pesa ngapi?"

"Ala! Hata hali hajajulia!" Mama akaninong'oneza. Lakini akajizoazoa, akataja bei ambayo hata leo nikiikumbuka naona aibu.

"Mimi niko na kumi," akasema Mwalimu.

Kumi! Nilijua tumekwisha. Lakini Mama, lo, ungemwona! Mato yalimng'aa. "Huyu kijana ajua," akanambia. Alidhani amempata mwenziwe. Akaapa kwa Kurani na kwa mitume, akasema pembe peke yake yashinda kumi. Mwalimu kimya. Mama akasema kinanda hiki kimeimba kwenye harusi za watu wakubwa. Mwalimu akasema, "Mama, niko na kumi tu." Mama akafurahi zaidi. Kila Mwalimu alivyonyamaza, ndivyo Mama alivyomwona bingwa. Masikini, kumbe kijana wa watu alikuwa na kumi kweli, na ile kumi ndiyo iliyokuwa imebaki mfukoni.

Mwisho Mama akaona wakati umefika. Akanikonyeza, akaninyoshea vidole vya mkono mmoja, kisha vya yote miwili, yaani kumi na tano, kunionyesha atakaposhuka, akapaza sauti: "Kwa kumi, Bwana Mwalimu, heri utwae bure!"

Kisha tukasikia viatu vinainuka.

"Asante sana, Mama," ikasema sauti, nayo imejaa furaha. "Mungu akubariki. Niliambiwa watu wa Lamu ni wakarimu, kumbe ni kweli."

Tukasikia pembe inagonga mlango. Toba! Na Baba, kwa haya zake, alimshikia hiyo pembe mpaka nje ili isipate kubonyea.

Mama alibaki amesimama, vidole vyake vingali hewani. Lau si lile pazia, Mwalimu angemwona alivyokuwa akitabasamu, akajua kwamba ni mchezo. Sasa afanye nini? Amkimbilie ndiani na kumwambia nilisema bure lakini si bure? Neno limetoka, shahidi ni mumewe, na mgeni ameshaliombea dua. Mama akaketi kitako, akanitazama, akaanza kucheka. Alicheka mpaka kanga ikamwanguka kitwani. Mimi sikucheka. Mimi niliona cherehani yangu inatoka mlangoni na pembe ya bati.

Kuanzia siku hiyo ikawa kila alasiri tunasikia santuri kutoka upande wa nyumba ya Mwalimu. Baba akisikiliza, akitikisa kichwa pole pole. Mimi nikisema, "Hiyo ni cherehani yangu inayoimba!" Tena Mwalimu hakuacha kushukuru. Kila akipata mzigo kutoka kwao, unaopitia bandarini Mokowe, hutuletea maharagwe, au viazi, na mara moja kuku hai aliyemnyea Baba kanzu.

"Nami nitashona kwa viazi?" nikamuuliza Mama.

"Nyamaza, umenye," akanijibu.

Lakini sahani ya watu huwezi kuirudisha tupu, ndiyo desturi. Mama akairudisha na mikate ya mofa. Sahani ikarudi na mahindi. Sahani ikaenda na halua. Siku moja sahani ikaja na mke wa Mwalimu mwenyewe, msichana mchangamfu, hakunishinda sana umri, akilalamika kwamba sokoni wanamchuna. Mama akasahau viazi, akasahau kinanda. Amepata mwanafunzi! Akamkalisha mkekani akamfundisha yote: mtungi kabla ya kitanda, uzee badala ya uchafu, viapo na marehemu bibi. Yule msichana akirudia kila neno kama mtoto wa chuo cha Kurani. Hata Mama akafika kwenye "heri utwae bure". Akaeleza maana yake vizuri kabisa, kama nilivyoieleza mimi, na alipokuwa katikati ya maelezo ndipo alipokumbuka anazungumza na mke wa nani.

Mke wa Mwalimu akainama, akachezea ukingo wa mkeka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, huku nikiombea asiyaelewe, na huku nikiombea ayaelewe sawasawa.

"Wajua kupika samaki wa nazi?" Mama akamuuliza, na mazungumzo yakahamia jikoni.

Kinanda hakikurudi. Mama alishukuru, maana kingerudi angekufa kwa fedheha. Mimi sikushukuru hata kidogo. Idd ikaja, nikashona gauni langu kwa mkono, pindo likaenda kombo, na kila aliyenipa mkono wa Idd niliona analitazama pindo.

Kisha tukasikia Mwalimu amehamishiwa bara, tena mbali, na kwamba mkewe anauza vyombo. Mama alivaa buibui kabla hata sijamaliza kumpa habari.

"Utaona huko vitu," akanambia njiani. "Ukiona kitu ukitakacho, usikitazame. Mato yako yatatupandishia bei."

Tukaingia. Hapakuwa na pazia, wote tulikuwa wanawake. Na pale kwenye pembe ya chumba, chini ya kitambaa kilichofumwa, ilikuwako cherehani ya mkono. Sikujua kama anayo! Nyeusi, ina maua ya dhahabu ubavuni, gurudumu linang'aa. Nikatazama dari. Nilitazama dari ile kwa bidii hata mke wa Mwalimu naye akainua macho kuona kuna nini.

Mama akajulia hali. Akauliza habari za safari. Akaulizia beseni, akaligonga kwa kidole, akalikataa. Akasimama, akajifunga buibui, akafika mlangoni. Hapo ndipo alipogeuka. "Ala! Na hiki nacho mwakiuza?"

"Hicho? Nilikuwa nimekisahau," akasema yule msichana, naye uso mkavu.

"Mashine ya kizee hii. Yaonyesha imeshona sanda za babu zetu. Nitakupa kumi."

Kumi ile ile! Mke wa Mwalimu akashika kifua. Akaapa. Akamlilia marehemu bibi yake. Akamuuliza Mama, kwa Kiswahili chetu kabisa, kama amekuja kununua au amekuja kumzika. Mama alijaa fahari, akasahau kwamba yeye ndiye mnunuzi, akawa anamsaidia kuapa. Walibishana mpaka jasho likawatoka, mimi niko kwenye dari yangu, roho juu juu. Kisha yule msichana akarusha mikono.

"Kwa kumi, Mama, heri utwae bure!"

Mama akafungua kinywa kusema astaghfirullah. Nilijua baada ya hapo ataongeza, nilijua na tulichokuwa nacho nyumbani, na nilijua hakitoshi. Nikateremsha macho kutoka darini.

"Ahsante sana," nikasema mimi. "Mungu akubariki. Niliambiwa watu wa bara ni wakarimu, kumbe ni kweli." Nikainama, nikaibeba ile cherehani, nikaitua juu ya kichwa.

Mama alinitazama kama niliyevua nguo sokoni. Lakini mke wa Mwalimu alianza kucheka, akacheka akakaa chini, akajifuta machozi kwa kile kitambaa cha cherehani. "Nilikuwa ninaogopa hamtalisema neno hilo!" akasema. "Mama, siku ile uliponifundisha, nilikwenda kumwambia Mwalimu. Hakula chakula. Alitaka kurudisha kinanda usiku huo huo. Mimi nikamwambia, ukirudisha utamwaibisha mama wa watu, ngoja tutafute njia ya kuwalipa."

Mtu mwingine angeishia hapo. Mama yangu? Wee! Alikuwa amepigwa bao mara mbili kwa neno lake mwenyewe, na hakuzoea kuondoka mahali ameshindwa. Akajisawazisha buibui.

"Na kinanda je? Hicho nacho kiasi gani?"

Msichana akaacha kucheka. "Hicho hakiuzwi, Mama. Tulifika hapa hatumjui mtu, na nyinyi mkatupa. Tulipewa."

Mama akanyamaza. Sijapata kumwona akinyamaza hivyo mbele ya bei. Kisha akamshika yule msichana mkono. "Naam," akasema. "Mulipewa. Na aliyewapa ni mimi."

Tukarudi nyumbani mimi mbele na cherehani kichwani, nikichekacheka peke yangu vichochoroni kama mwendawazimu, na Mama nyuma akinambia nisiinamishe shingo. Nilidhani nitaanza na gauni. Nilikwisha lichagua moyoni, na pindo lake. Mama akaniletea kipande cha turubai. "Kishonee kinanda mfuko," akasema, "kisije kikapigwa na maji ya chumvi." Basi kitu cha kwanza nilichokishona kwa cherehani yangu ni mfuko wa kile kinanda nilichokilaani mwaka mzima, na niliushona vizuri, mishono miwili miwili.

Baba ndiye aliyepeleka. Akamkuta Mwalimu anafunga mizigo. Mwalimu akaugeuza ule mfuko huku na huku, akauliza ni pesa ngapi. Baba, ambaye hakupata kucheza mchezo huu hata siku moja, akamwambia kwa moyo safi, "Twaa bure, Bwana Mwalimu."

"Astaghfirullah!" akasema Mwalimu, Mkristo wa watu, naye sasa amekwisha fundishwa na mkewe. "Mali ya watu hayatwaliwi bure!" Baba akaapa ni zawadi. Kila akiapa, Mwalimu akizidi kutabasamu kwa ujuzi, mpaka akamtia shilingi mbili mkononi na kumfunga vidole.

Baba akarudi nyumbani ameinamisha uso, akazifunua kiganjani mbele ya Mama. Mama akazitazama.

"Mbili?" akasema. "Nawe ukakubali pale pale?"